Bibi Tovuti na Fundi Lifti

Lifti zote mbili za jengo la wizara zilikuwa zimegoma tangu asubuhi, na ukumbi wa chini ulifurika watu hata pa kuweka unyayo hapakuwapo. Binti mmoja wa gauni la kijani, kompyuta ameibana kwapani, alijipenyeza mpaka mbele. Hapo alimkuta fundi mrefu mwenye ovaroli la buluu amepiga magoti, mikono myeusi kwa grisi.

"Itachukua muda gani, kaka?"

"Nikitazamwa hivyo, nitachelewa."

"Nina kikao ghorofa ya tisa."

"Ngazi zipo, dada. Hizo hazijawahi kuharibika."

Alicheka bila kutaka, akavua viatu, akapanda. Saa saba aliposhuka kwa lifti, fundi alikuwa anamngoja chini, amenawa mikono.

"Ngazi za ghorofa tisa zinanisuta," alisema. "Niruhusu nikununulie japo soda."

Wakaanzia hapo. Alipoambiwa kazi ya binti, fundi alimbandika jina la Bibi Tovuti. Binti ndiye aliyekuwa mtaalamu wa kamati iliyopewa jukumu la kuchagua mfumo mmoja wa kuendeshea tovuti zote za serikali.

"Hebu nieleweshe, mpenzi," fundi alimwambia siku moja sebuleni kwa mama yake. "Huo mfumo ni kitu gani?"

"Ni mtambo ulio nyuma ya ukurasa unaousoma. Tulio nao ni wa kampuni, umefungwa. Hata nukta ikikosewa, tunaandika barua tungoje waje wao. Mimi nataka programu huria. Iko wazi, fundi yeyote anaifungua aone ndani, na nesi wa kituo chochote cha afya anabadilisha ukurasa wake mwenyewe."

"Kama lifti ambayo ufunguo wake haukai kwa mtu mmoja."

"Umeelewa kuliko mkurugenzi wangu."

Mama alicheka pale kwenye kochi. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki mwanawe alimpeleka kusafishwa damu. "Mwanangu," alimwambia binti, "huyu akikuzungusha, njoo ushtaki kwangu. Nataka kumwona mkwe wangu macho yangu yakiwa bado yanaona."

Wiki iliyofuata mkurugenzi alimwita Bibi Tovuti ofisini kwake.

"Ripoti yako ni nzuri. Lakini ile kampuni tumetoka nayo mbali. Andika kwamba programu huria inahitaji utafiti zaidi. Tutaiangalia mwakani."

"Nimeijaribu miezi mitatu, mzee. Haina kasoro."

"Sijakuuliza kasoro. Kituo cha mpakani wanatafuta mtunza mafaili. Isije ikawa wewe."

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Aliandika alivyoagizwa, akasaini. Jioni fundi alipopiga simu kuuliza, alimjibu kwamba mambo yameahirishwa kidogo, kisha akageuza mazungumzo.

Miezi miwili baadaye, mashine za kliniki ya mama zikaharibika. Fundi alifungua tovuti ya wizara kwenye simu, akaona kituo kingine cha kusafisha damu, upande wa pili wa mji, kiko wazi. Akampakia mama kwenye teksi, wakavuka mji mzima mvua ikinyesha. Walipofika walikuta mlango umefungwa kwa mnyororo, na karatasi imebandikwa: kituo kimehama. Tarehe yake ilikuwa ya wiki saba nyuma. Waligeuza teksi kuelekea kituo kipya. Mama alikata roho njiani, kichwa chake mapajani mwa mwanawe.

Makaburini fundi hakulia. Alirudia sentensi moja tu: "Tovuti ilisema kiko wazi."

Kesho yake Bibi Tovuti alipekua mafaili ya wizara. Akaiona barua ya nesi wa kituo kile, akiomba anwani ibadilishwe. Ilipigwa muhuri, ikapelekwa kwa kampuni, haikujibiwa. Angeweza kulifunga faili lile, wala hakuna ambaye angemuuliza. Siku saba alilirudia kulisoma. Ya nane akaenda kwa fundi, akamkuta anakunja nguo za marehemu.

"Programu ile ingekuwepo, nesi angebadilisha anwani siku ileile," alisema. "Haikuwepo kwa sababu nilisaini isichaguliwe. Mkurugenzi alinitisha, nikaogopa."

Fundi aliendelea kukunja khanga. "Ulijua kuhusu kituo?"

"Hapana. Nilijua kurasa hazibadiliki."

"Ungenyamaza, ningekuoa. Ningekufa sijui."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Basi umeshasema. Nenda."

Binti alimpigia mara kumi kwa wiki, na simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Kamati ilipokaa tena, alisimama mbele ya wajumbe wote, akaisoma barua ya nesi neno kwa neno, akaeleza nani alikufa na vipi, kisha akasema kwamba saini yake anaifuta. Mkurugenzi alitazama dari. Mjumbe mmoja mzee aliomba kura zipigwe palepale, na programu huria ikapita.

Barua yake ya uhamisho kwenda mpakani ilitoka kabla mwezi haujaisha.

Asubuhi ya safari alikuwa kituo cha mabasi, koti limefungwa mpaka shingoni, alipomwona fundi akija katikati ya watu. Alikuwa amekonda.

"Nesi wa kile kituo ametafuta namba yangu, akanipigia," fundi alisema. "Anasema jana ameingia mwenyewe, akaandika anwani mpya."

"Ndiyo. Tulianza na wao."

"Ilimchukua muda gani?"

Alitamani kudanganya. "Dakika nne."

"Nne." Fundi alitazama chini. Kisha akanyanyua uso. "Sijaacha kukupenda. Nimejaribu. Lakini nikikaa na wewe meza moja, nitakuwa nahesabu hizo dakika."

"Najua, laazizi."

"Usiniite hivyo."

"Sawa."

Fundi aliuchukua mkoba mzito wa binti, akaupandisha ndani ya basi, akauweka vizuri juu ya kiti, akashuka. Bibi Tovuti alikaa dirishani. Basi lilipong'oka, fundi alikuwa bado amesimama palepale, mikono mfukoni. Hakupunga, na yeye hakungoja kupungiwa. Walitazamana tu, mpaka basi lilipokata kona.