Njia ya Watu Wawili

JUMATANO, SAA KUMI ALASIRI

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka grisi. Shemeji alifagia meza kwa kiwiko, akapanga nati nne kwa mstari.

"Ya kwanza wewe, Dira. Unaongoza msafara kama siku zote. Ya pili Sonara na mlinzi wake. Ya tatu mimi, mtalii. Ya mwisho Fundi."

Nati nne, bagi nne. Bagi ni vigari vya mchangani, havina milango wala vioo, injini iko mgongoni. Kampuni ilivitumia kuwatembeza watalii jangwani. Dira alikuwa kiongozi wa misafara hiyo kwa miaka tisa, na miaka yote hiyo Fundi aliendesha bagi ya mwisho, akiokota waliokwama. Shemeji alikuwa mume wa dada yake Dira. Alikuwa anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Kazi yake haikujulikana, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

"Sonara anabeba mawe ya thamani mwenyewe?" Fundi aliuliza.

"Mwenyewe. Mkoba uko chini ya kiti. Anajifanya mtalii, anakwenda kumwona mnunuzi kambi ya pili. Ujanja wake ndio utakaomponza."

"Silaha?"

"Mlinzi ana bastola. Na mimi ninayo."

Kazi ya Fundi ilikuwa bomba la mafuta la bagi ya pili. Alilegeze kiasi tu, gari life kwenye mawe meusi, mahali ambapo simu na redio hazishiki.

"Na kutoka?" Dira aliuliza.

Shemeji alicheka. "Kutoka ni juu yako, shemeji yangu. Mimi mchangani kipofu. Sijawahi kukanyaga huko. Bila wewe sifiki lami."

Maneno hayo ndiyo yaliyomtuliza Dira. Mtu asiyeijua njia hawezi kumtupa anayeijua.

Fundi alipotoka kunawa mikono, Shemeji alisogeza kiti. Sauti ikashuka.

"Huyo anatuuza."

"Nani? Fundi?"

"Mara ngapi umemwona anaongea na simu nyuma ya choo? Tukishapata mkoba, chukua funguo zake. Abaki huko. Bila maji."

"Nimekula naye miaka tisa."

"Basi utakula naye hata jela."

Dira hakukubali, wala hakukataa. Fundi aliporudi akijifuta mikono kwa suruali, Dira alisema anakwenda kununua sigara. Huko dukani alisimama muda mrefu kuliko wa kuvuta sigara moja.

IJUMAA, SAA NANE MCHANA

Walikula sahani moja kwenye kivuli cha gereji, kama kawaida. Simu ya Fundi ililia. Akaitazama, akaizima.

"Nani?"

"Mama watoto."

"Mbona hupokei?"

"Kelele tu. Unajua mwenyewe."

Dira alitafuna bila kuonja. Alitaka kusema: bwana, yule mtu ameniambia nikuache jangwani. Akachota tonge jingine. Je, kama ni kweli? Kama Fundi ni wa polisi, kumwonya ni kujifunga pingu mwenyewe. Na kama si kweli, kesho angemuua rafiki yake kwa kiu. Aliogopa, na aliona haya kwa kuogopa.

"Mbona unanitazama hivyo?" Fundi akauliza.

"Hivyo vipi?"

"Kama unanipima jeneza."

Wakacheka wote wawili. Si kicheko cha maana.

JUMAMOSI, SAA MOJA NA NUSU ASUBUHI

Changarawe iliishia hapo, mchanga ukaanza. Msafara ukasimama. Hapo ndipo magurudumu hupunguzwa upepo, yatambae juu ya mchanga badala ya kuchimba. Mgeni hawezi kujua kiasi, ndiyo maana Fundi hupita gari moja moja na kipimo chake.

Fundi alikuwa bado kwa Sonara, mzee mfupi mwenye kofia kubwa, aliyekuwa akilalamika kuhusu kiti. Mlinzi wake, pande la mtu, alipiga miayo.

Dira akageuka kumtazama Shemeji, akaona kitu.

Shemeji alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Kucha ya kidole gumba juu ya valvu, kichwa kando, midomo ikihesabu. Aliacha, akaligonga tairi kwa konzi, akasikiliza. Halafu akaenda mbele. Huko alitoa upepo mwingi zaidi, kwa kuwa injini iko nyuma na mbele ni kwepesi. Hakutazama kipimo. Mikono ilifanya yenyewe, na mwenye mikono alikuwa anapiga mluzi.

Jambo hilo halifundishwi kwa maneno. Dira mwenyewe lilimchukua msimu mzima.

Kipofu wa mchangani, eti!

Shemeji alikuwa ameshafunzwa, tena na mtu mwingine, tena muda mrefu. Aliijua njia ya kutoka. Hakumhitaji Dira hata kidogo.

"Vipi, kiongozi?" Shemeji aliita kwa mbali, akijikung'uta mchanga. "Mbona umeganda? Twende!"

SAA NNE NA DAKIKA KUMI

Mawe meusi yalitokea upande wa kushoto. Bagi ya pili ikakohoa, ikakohoa tena, ikafa. Fundi alikuwa amelilegeza bomba lile barabara.

"Nini tena hiki?" Sonara akafoka.

"Mafuta, mzee. Dakika tano tu," Fundi akasema, akishuka na boksi la spana.

Mlinzi naye akashuka kujinyoosha. Hakumaliza kujinyoosha. Mtutu wa Shemeji ulikuwa umeshatua nyuma ya sikio lake.

"Lala chini. Wewe mzee, mikono juu. Nani alisema uongee?"

Ilikwisha upesi. Fundi alichukua bastola ya mlinzi, akatoa risasi akazitawanya mchangani, akawafunga wote wawili kwa kamba za kuvutia magari. Sonara alilia kweli, kilio cha mtoto. Dira alishusha dumu la maji akaliweka mahali ambapo mikono iliyofungwa ingelifikia. Shemeji aliliona, akasonya.

Mkoba ulikuwa mdogo na mzito. Shemeji akauvaa begani, kisha akamtazama Dira. Akaonyesha kwa kidevu bagi ya mwisho.

Sasa.

Dira alitembea mpaka kwenye bagi ya Fundi, akachomoa funguo. Fundi alikuwa amepiga magoti, akikaza fundo la mwisho. Akainua macho, akaona funguo mkononi mwa Dira. Hakushangaa hata kidogo.

Miaka tisa.

"Fundi! Shika!"

Akamrushia funguo. "Washa gari, tuondoke. Huyu jamaa ana njia yake. Anatuacha wote!"

Shemeji alitabasamu. Mtutu ulikuwa umeshageuka.

"Huruma yako imekuponza," alisema. "Fundi, lete hizo. Na wewe zako. Na redio."

"Dada yangu utamwambia nini?"

"Kwamba ulipotea. Kazi ya hatari, hii."

Alichukua funguo zote akazitia mfukoni. Bagi yake ilinguruma, ikashika upande wa mashariki, vumbi likanyanyuka.

SAA NNE NA NUSU

Walimtazama kutoka juu ya mwamba, bega kwa bega. Shemeji alishuka tuta la mwisho kwa ustadi, akaingia uwanda wa chumvi, mweupe, tambarare kama meza. Ng'ambo ya uwanda kuna lami. Aliyemfunza alimfunza kiangazi, uwanda ukiwa mgumu.

Lakini wiki tatu nyuma mvua ilikuwa imenyesha milimani. Juu uwanda ulikuwa mkavu, chini ulikuwa uji. Bagi ya mteja mmoja ilizama humo, na tangu siku hiyo Dira na Fundi walizunguka chini ya matuta, njia waliyoigundua wenyewe na hawakumwonyesha mtu.

Dira alikuwa na filimbi shingoni. Alikuwa bado na muda wa kuipuliza. Hakuipuliza.

Ukoko wa chumvi ulipasuka. Bagi ikainama mbele, ikakaa. Shemeji akaruka, akazama hadi magotini, kisha mapajani. Mkoba ulimwelemea. Hakutaka kuuvua.

Hapo ndipo Dira alipoliona vumbi jingine. Magari matatu, ya polisi, yakija kwa kasi. Hayakukata uwandani. Yalifuata chini ya matuta, kona kwa kona, bila kusita hata mara moja.

Dira alimgeukia Fundi.

"Njia ile tunaijua wawili," alisema.

"Niliwachorea ramani," Fundi akajibu.

"Kwa hiyo ni kweli. Ulikuwa unatuuza."

"Jumatano sikuwa nimemuuza mtu." Fundi alikaa chini, akakumbatia magoti. "Ulipokwenda kununua sigara, aliniita. Akasema wewe ni wa polisi. Akaniambia leo nikuache hapa, bila maji. Nikajua na wewe ameshakuambia hivyo hivyo kunihusu. Nikakungoja uniambie. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Tunakula, unanitazama, husemi."

"Na wewe mbona hukusema?"

Fundi alichezea kokoto.

"Nimekurushia funguo, Fundi. Umeona. Leo nimekurushia funguo!"

"Leo," Fundi alisema. "Mimi nilipiga simu jana."

Magari yalisimama chini ya mwamba. Askari wawili walikimbilia uwandani na kamba. Mwenye nyota begani alipanda taratibu, akihema, bunduki mbele.

"Mchora ramani ni yupi? Tulikubaliana alale kwake leo, si rumande."

Fundi akainuka.

"Na kiongozi wa msafara?"

Fundi alimtazama Dira usoni, machozi yakimtiririka waziwazi. Kisha akanyoosha kidole.