Sauti ya Mnarani na Rubani wa Sindano

"Mwisho wa mwezi wanaizika."

"Wanamzika nani tena?" Mama alishtuka, kikombe kikacheza juu ya kisahani.

"Sindano, mama. Ndege yangu."

"Ala! Umenitoa roho, mwanangu. Nilidhani ni mtu."

"Kwangu mimi ni mtu," Kapteni akajibu. Alijaribu kucheka, kicheko kikamfia mdomoni.

Binti wa nyumba hiyo alikuwa kwenye kochi la pembeni, anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa, bado zina joto la jua. Kazi yake ilikuwa kuongoza ndege. Kapteni alimwita Mnara, maana ndilo jina alilomjua nalo tangu mwanzo: kila rubani anayetaka kusema na kile chumba cha vioo kilicho juu ya uwanja huanza kwa kuita, "Mnara, Mnara."

Karibu mwaka mzima walikuwa sauti tu, mmoja juu ya mawingu, mwingine juu ya ngazi. Asubuhi ukungu ukiwa umelala juu ya majani, Mnara hakuona hata nusu ya njia ya kurukia. Lakini sauti ile ingemjia masikioni, tulivu, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja, na baadaye kabisa ndipo taa za Sindano zingechomoza kwenye weupe. Siku moja akateremka kumwona mwenye sauti. Alimkuta mwembamba kama ndege yake, kofia kwapani, hajui pa kuweka mikono.

"Sasa si utaendesha nyingine?" Mama aliuliza. "Ndege si ndege tu?"

"Hapana, mama. Cheti changu ni cha Sindano. Nyingine mpaka nisome upya."

Sindano yenyewe ilikuwa jeti ndogo, nyembamba, viti hamsini, injini mbili zimebandikwa mkiani. Ilikuwa imezeeka. Kiwanda kiliacha kuziunda siku nyingi, vipuri vinatafutwa kama dawa ya ugonjwa usiojulikana, na mashirika yanataka ama ndege kubwa zaidi, ama zile za pangaboi mbawani, zisizokunywa mafuta sana.

"Hapa kuna nafasi kwenye pangaboi," Kapteni aliendelea, "ila ni ya msaidizi. Nikae kiti cha kulia. Na kapteni wangu atakuwa Machachari, ambaye kutua kwenyewe nimemfundisha mimi."

"Na kwingine?"

"Kuna shirika ng'ambo, mbali. Wao bado wanazo Sindano. Wanapeleka wafanyakazi migodini, jangwani huko. Wananitaka niwe kapteni, miaka miwili moja kwa moja, bila likizo ya kurudi nyumbani."

Mama aliwatazama wote wawili. Akachukua birika, ambalo lilikuwa limejaa, akaenda nalo jikoni kulijaza.

"Wewe unasemaje?" Kapteni akamuuliza Mnara.

Mnara alikuwa na shati mkononi. Moyoni alikuwa anasema baki, baki hata ukiwa unafagia uwanja. Lakini alijua jinsi mtu huyu alivyoipenda ndege ile, na aliogopa siku moja, wakishaoana, aje aambiwe: wewe ndiye uliyenikata mbawa.

"Nenda," akasema. "Nenda, wala usinifikirie mimi."

Kapteni aliinua macho. Kisha akasema polepole, "Niende, wala nisikufikirie wewe."

Mnara hakusema kitu. Alililaza shati juu ya mengine, akalipapasa mpaka likanyooka.

Kapteni alingoja. Alipoona kimya ni kimya, alichukua kofia yake, akapita jikoni kumuaga mama, akaondoka. Chai yake ilipoa mezani, haijaguswa.

Tangu siku hiyo wakarudi kuwa sauti, na sauti zenyewe zikawa za kazi tu.

"Mnara, Mnara, Sindano hapa. Naiona njia."

"Sindano, unaruhusiwa kutua."

"Naruhusiwa kutua."

Basi. Hata "habari za asubuhi" ilikufa. Mzee wa zamu, mkuu wao mnarani, mtu aliyekunywa kahawa kwenye kikombe kisicho na mkono, alimtazama Mnara juu ya miwani yake.

"Leo hewani mna adabu kama mko msibani. Kulikoni?"

"Kazi tu, mzee."

"Mh. Kazi gani inayovimbisha macho?"

Nyumbani simu ililia kidogo. Ujumbe wa Kapteni: "Nimetuma vyeti. Wamenikubali."

Mnara aliandika, "Usiende." Akafuta. Akaandika, "Tuzungumze kwanza." Akafuta. Mwisho akatuma, "Hongera."

Mama alichungulia begani kwake. "Hongera? Mwenzio anakwambia anakwenda jangwani, wewe unampa hongera kama kajifungua!"

"Sasa niseme nini, mama? Ameshaamua."

"Nani kakwambia?"

"Alisema mwenyewe, 'niende, nisikufikirie.'"

Mama alitikisa kichwa, akaenda zake. Na Mnara siku hizo alikuwa anaota ndoto moja: yuko kwenye chumba cha vioo, ukungu umepanda mpaka kwenye madirisha, na sauti inabisha hodi kwa kidole kimoja, lakini akifungua kinywa kuitikia, hakitoi kitu.

Asubuhi ya Jumamosi, anafunga viatu vya kwenda zamu, simu ikaita. Alikuwa dada mkubwa wa Kapteni.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Na marahaba hii ni ya hasira, uijue kabisa."

"Nimekosa nini tena?"

"Kwa nini umemfukuza ndugu yangu?"

"Mimi? Nimemfukuza lini?"

"Usinizungushe. Anasema ulimwambia nenda. Akakurudishia maneno yako mwenyewe, neno kwa neno, uyasikie vizuri. Akakaa anangoja umkatalie. Ukanyamaza! Ananiambia, 'Dada, Mnara akinyamaza ujue nimesikia sawasawa.' Nikamuuliza, umelewa?"

Mnara alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Huko hewani ndiyo desturi. Mwongozaji akitoa agizo, rubani hulirudia. Akilikosea, mwongozaji humkatiza hapo hapo: sivyo, rudia. Akilipatia, mwongozaji hunyamaza, na kimya kile ndiyo ruhusa. Wanafanya hivyo kutwa mara chungu nzima, mpaka kinywa kinajifunga chenyewe. Siku ile pale kwenye kochi Kapteni alilirudia agizo bila kukosea hata neno. Na kinywa cha Mnara kikajifunga.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo, "aliyarudia sawasawa. Ndiyo maana sikumkatiza. Sisi mtu akipatia, tunanyamaza."

"Mungu wangu! Nyie mnapendana kwa sheria za usalama wa mawinguni? Wenzenu wakinyamaziana wananuna, nyie mnapelekana jangwani!"

"Yuko wapi?"

"Ameshaondoka, kaenda kuirudisha hiyo Sindano yenu mara ya mwisho. Jioni anapanda ndege ya watu, anakwenda kutia saini huko huko. Begi liko mlangoni, nimejikwaa nalo sasa hivi mpaka ukucha umekwenda. Wewe utanilipa ukucha wangu."

Mnara alimpigia Kapteni. Imezimwa. Akaandika, "Usiende. Sivyo nilivyotaka kusema." Ujumbe ukabaki na alama moja ya kijivu.

Mchana huo mbingu ilikuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Huko juu mnarani mtu angeweza kudhani dunia imeishia kwenye uzio wa uwanja. Mnara alivaa hedifoni, akashika meza kwa mikono miwili.

"Mnara, Mnara. Sindano hapa." Sauti ilikuwa tulivu, ila kidole kilichobisha leo kilikuwa kizito. "Naiona njia. Ni mara ya mwisho."

Maneno yalimfika kooni. Lakini redio husikiwa na kila rubani aliye angani, hurekodiwa neno kwa neno, na nyuma ya Kapteni kulikuwa na watu hamsini wenye watoto wao. Hapo si mahali pa mapenzi.

"Sindano, unaruhusiwa kutua. Upepo umetulia."

"Naruhusiwa kutua."

Amepatia. Mnara akanyamaza, na safari hii kimya kilimchoma ulimi.

Ndege ikashuka kutoka kwenye weupe, ikagusa ardhi kwa upole kama mtu anayeketi kitandani asimwamshe mwenzake.

"Nipe hiyo hedifoni," Mzee wa zamu akasema nyuma yake.

"Zamu yangu bado, mzee."

"Nani kakuuliza zamu? Teremka. Na usikimbie kwenye ngazi, nisije nikaandika ripoti ya mguu."

Abiria walikuwa wameshashuka, wengine wamepiga picha, wameondoka. Kapteni alikuwa peke yake chini ya bawa, kiganja kimelala kwenye tumbo la ndege kama anayempima mtoto homa.

"Sivyo!" Mnara alianza kusema kabla hajamfikia, anahema.

"Sivyo nini?"

"Ulichorudia siku ile nyumbani. Sivyo."

Kapteni alivua miwani ya jua. "Nilirudia sawa. Nakumbuka kila neno."

"Ulirudia sawa agizo bovu. Kosa ni langu kulitoa. Lakini na wewe! Una mdomo mzima, kwa nini hukusema sitaki?"

"Ulikuwa unakunja nguo kama mtu aliyekwisha amua."

"Nilikunja shati moja mara tatu!"

Kapteni alicheka, halafu kicheko kikaisha. Alitazama viatu vyake.

"Nikwambie ukweli? Nilitaka unizuie. Nikibaki, isionekane ni mimi niliyekubali kushuka cheo. Ionekane ni wewe."

"Na mimi niliogopa hilo hilo. Uje uniambie ni mimi."

"Basi tulikuwa tunarushiana mzigo."

"Ukadondoka katikati," Mnara akasema. "Hebu niambie, hiyo kazi ya jangwani unaitaka?"

"Naitaka Sindano." Akaipapasa ndege. "Ila fundi wao mmoja kaninong'oneza, nao watazizika baada ya mkataba wangu, kama si kabla. Nikitoka huko nitafute nchi nyingine yenye Sindano, kisha nyingine. Kama mtu anayehama nyumba hadi nyumba, kila paa likianza kuvuja. Nizeeke nazo."

"Mimi sikuambii uende, wala sikuambii ubaki. Usije ukarudia tena bure. Nakwambia ninachotaka mimi: nataka uwe hapa. Ukienda nitalia, halafu nitakungoja. Sasa na wewe sema unachotaka. Kwa maneno yako, usirudie yangu."

Kapteni aliigeukia njia ya kurukia. Mbali, trekta la kuvutia ndege lilikuwa linakuja polepole.

"Nataka niwe nabisha hodi kwako kila asubuhi kwenye ukungu," alisema. "Kiti cha kushoto, cha kapteni, nakitaka pia, sitakudanganya. Ila hicho naweza kukisubiri."

"Na Machachari akikuamrisha?"

"Ataniamrisha. Nami nitasikia, maana amri zenyewe nimemfundisha mimi."

"Mimi huko juu naona ndege tu," Mnara akasema. "Sioni nani kakaa kulia, nani kakaa kushoto."

Kapteni aliwasha simu. Ikapokea ujumbe wa asubuhi, akausoma. Hapo hapo akampigia mkuu wa marubani.

"Mkuu, ile nafasi ya msaidizi kwenye pangaboi bado ipo?"

"Ipo," sauti ikajibu, kubwa mpaka Mnara akaisikia. "Lakini sina upendeleo. Utakaa darasani na watoto wadogo, utafanya mtihani kama wao. Ukifeli umefeli."

"Nimeelewa."

"Na mshahara wa kapteni uusahau kwa sasa."

"Nimeshausahau, mkuu."

"Basi njoo Jumatatu, na kalamu yako."

Kapteni akampigia na dada yake. Hakupata hata kusalimu. "Dada, lile begi..." Kilio cha furaha kilichotoka kwenye simu kilimfanya aisogeze mbali na sikio.

Trekta lilifika. Fundi aliruka chini, akaunga chuma kwenye gurudumu la mbele la Sindano.

"Kapteni, naipeleka kule kwenye uzio, pembeni na zile nyingine. Mimi nakaa mbele kushika breki, mwenzangu anavuta. Unaiaga?"

Kapteni alimtazama Mnara. "Umewahi kupanda ndege hii?"

"Nimeileta chini kila siku. Kuipanda, hata siku moja."

"Mimi nimeirusha miaka yote, sijawahi kukaa nyuma."

Wakapanda. Njia ya katikati ilikuwa nyembamba, viti viwili huku, viwili kule, vitambaa vimepauka pale vichwa vya watu vilipoegemea. Walikaa karibu na bawa, Mnara dirishani. Kapteni aliinamisha miguu yake mirefu upande, magoti yakagonga kiti cha mbele.

"Kumbe mlikuwa mnawabana watu hivi?" Mnara akamuuliza.

"Hakuna aliyewahi kuniambia."

Sindano ikaanza kwenda, kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila mlio wa injini. Majani marefu yalipita dirishani taratibu, yakilala na kuinuka. Mnara aliuona mnara wake kwa nje, kwa mbali, vioo vimejaa mawingu, akashangaa ulivyo mdogo. Aliegemeza kichwa begani kwa Kapteni. Ilikuwa kama wanaelea, hawajaruka wala hawajatua.

"Tuoane kabla ya mtihani," Kapteni akauliza, "au baada?"

"Kabla. Ukifeli uwe na pa kulilia."

"Na nikifaulu?"

"Utaosha vyombo ukiwa msomi."

Trekta likasimama. Nje kulikuwa na uzio, nyasi, na Sindano nyingine mbili zilizokwisha funikwa pua kwa turubai.

"Tumefika, abiria wangu!" fundi akapaza sauti kutoka mbele. "Shukeni!"

Hakuna aliyenyanyuka. Fundi alikuja kuchungulia, akawaona, akarudi zake mbele. Akakaa kwenye kiti cha kushoto, akaanza kukagua mishale ya vipimo vya injini zilizokwisha zimwa, mmoja baada ya mwingine, kama mtu mwenye muda wote duniani.