Kibuyu Kisicho na Moshi

Land Cruiser nyeupe ilikuwa imezama kwenye tope hadi milangoni. Hared aliruka kutoka kwenye Land Rover yake, bastola ya Browning mkononi.

Tupu.

Kiti cha nyuma kilijaa maranda na mavi ya panya. Mwenye gari, mzungu Brandt, alinaswa Dadaab asubuhi. Mzigo wake ulikuwa umeponyoka. Nyayo za kandambili za kike zilielekea barabarani, kwenye malori ya abiria ya Garissa.

Motorola ilikoroma.

"Swala, hapa Daktari Saynab, Nairobi," redio ilimwita kwa jina lake la kazi. "Unao?"

"Sina. Niambie nafukuza nini."

"Panya waliozaliwa bila protini inayowasha jeni za kinga. Panya wa kawaida akiingiwa na kirusi, protini hiyo huamsha jeni na mwili unapigana papo hapo. Kwa hawa, kimya. Kirusi cha homa walichotiwa kinazaana kitakavyo."

"Wakifika soko la mifugo?"

"Mbuzi wachache waambukizwe tu, mbu wa mafuriko haya watamaliza kazi. Watu wazikane, halafu kampuni ya Brandt ije kuuza dawa. Usiwafungue mbele ya watu!"

Hared alikanyaga mafuta.

Kwenye kizuizi cha kuingilia Garissa, wanawake wauza maziwa walikuwa wameteremshwa kwenye lori, wameketi na vibuyu vyao magotini. Miongoni mwao alikuwepo Arbia, shangazi yake. Homa hiyohiyo ilimuua mwanawe, Abdiwali, mwezi uliopita. Hared hakuja kuzika.

Arbia alitema mate. "Bolisi wa Nairobi! Siku ya msiba hukuonekana. Leo unatafuta nini kwa maziwa yetu?"

Maneno yalimchoma.

Askari mmoja alinyoosha mkono afungue kibuyu.

"Gusa kifuniko nikuvunje mkono," Hared alisema.

Panya wangeweza kufichwa ndani ya kibuyu chochote. Aliinama, akanusa. Moshi. Cha pili, moshi. Nyumbani kwao hakuna kibuyu kinachotiwa maziwa kabla ya kufukizwa kwa vijiti vya moto, na harufu hiyo haitoki. Lakini panya hawezi kuishi ndani ya moshi.

Alifika kwa mwanamke aliyeketi ubavuni mwa Arbia.

Dettol.

Bastola ya Makarov ilichomoza chini ya shuka. "Rudi nyuma," mwanamke alisema, mkono wa pili ukiwa juu ya kifuniko. "Ama nafungua."

Hared aliganda. Mji mzima ulikuwa chini ya kiganja kile.

Kibuyu cha Arbia kilipaa na maziwa yake yote, kikatua kwenye kichwa cha yule mwanamke. Risasi ilizama topeni. Hared alidaka mzigo, akabana kifuniko kwa mikono miwili. Askari wakamrukia mwanamke, wakamfunga pingu.

"Nilimnusa tangu lori," Arbia alifoka. "Mwanamke gani anaosha kibuyu na dawa ya choo?"

Wakachimba shimo mbali na watu. Kibuyu kiliingia kikiwa kimefungwa. Petroli ikamwagwa, kiberiti kikafuata, na Hared akasimama hapo mpaka yakabaki majivu.

"Eddo," alimwita shangazi yake aliporudi, "kuhusu Abdiwali..."

"Usitaje jina lake na mdomo hiyo." Arbia aliokota kibuyu chake kitupu, akakifuta kwa shuka. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Kaburi iko ubande ya Bulla Iftin. Miguu unayo."

Motorola ilikoroma. "Swala, rudi Nairobi mara moja."

Hared aliizima. Alirudisha Browning kiunoni, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akaiacha Land Rover hapo na kutembea kuelekea Bulla Iftin.