Lilinga Wangu

Kijana aliyeingia dukani kwa Mzee Bushiri, sokoni Mbeya, alikuwa amechana nywele njia ya upande, na viatu vyake viling'aa kama havijawahi kukutana na vumbi la mji ule.

"Naomba waya wa breki ya baiskeli," alisema.

Waridi, binti wa mwenye duka, alichungulia nje. "Baiskeli yenyewe iko wapi, kaka?"

"Baiskeli sina. Nina gitaa."

Waridi alicheka mpaka kanga ikamteleza begani. Tangu siku hiyo gitaa la kijana huyo, Yunusu, likawa linakatika nyuzi kila wiki.

Alikuwa Mhehe wa Iringa, utingo wa lori. Mwaka ule wa hamsini na nane, vijana waliorudi kutoka migodi ya kusini walikuja na santuri za roki, naye alizisikiliza mara moja tu, akazipiga kwa gitaa lake. Kabla ya masika alikuwa ameshamwambia Waridi, "Idi ikipita, wazee wangu watakuja kwenu na posa." Waridi alijifanya hakusikia, ili aambiwe tena.

Kisha likaja dansi la mchana. Waridi alikwenda na rafiki yake Tusekile, amevaa gauni jipya la maua ya manjano. Yunusu alipiga roki mpaka sakafu ikatikisika, halafu akatuliza gitaa na kuimba wimbo alioutunga mwenyewe:

*Lilinga wangu, nimekuacha kilimani,
Lilinga wangu, nitarudi nikufie.*

Karani mmoja alinong'ona kwamba ule ni wimbo wa uhuru. Mzungu aliyealikwa akasimama wima, akidhani anatukuzwa Malkia. Tusekile naye alimfinya Waridi.

"We dada, umesikia? Ana mke kwao. Na yuko tayari kumfia!"

Waridi hakungoja wimbo uishe.

Kesho yake lori lilimrudisha Yunusu Iringa. Alipofika tu, akapiga simu dukani.

"Waridi, mpenzi, mbona jana uliondoka bila kuniaga?"

"Kaa na mwenzako wa kilimani!"

"Mwenzangu gani?"

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Waridi alilia, akachoka kulia, akaona afadhali amwone huyo mwanamke kwa macho yake. Akaomba ruhusa kwa baba, eti amemkumbuka sana shangazi yake, Bibi Mwanakhamisi wa Iringa.

Asubuhi ya kwanza huko, wakimenya viazi, aliuliza, "Shangazi, unamjua mwanamke anaitwa Lilinga? Anakaa kilimani."

Shangazi aliweka kisu chini. "Namjua sana. Hata wewe jana umelala kwake."

"Shangazi!"

"Lilinga ni ngome, mwanangu. Ndiyo Iringa hii kwa Kihehe. Unaikanyaga!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Jioni walimkuta Yunusu sokoni, ameketi juu ya magunia, amekonda kidogo. Shangazi akasogea pembeni kuchagua nyanya ambazo hakuzihitaji.

"Ungesema 'Lilinga yangu' nisingelia," Waridi alianza. "'Wangu' ni mtu, Yunusu! Nani alikufundisha Kiswahili?"

"Matingo wenzangu." Akainamisha kichwa. "Lakini Waridi, Iringa ndiyo iliyonilea. Aliyenilea nimwite kitu?"

Waridi alitazama mawe makubwa ya kilima yakigeuka mekundu kwa jua.

"Basi uache wimbo wako ulivyo," alisema polepole. "Watu wa Mbeya wakikuoza mke asiyekuwepo, shauri yako."

"Na wazee wangu? Waje, wasije?"

"Kwanza niite vizuri."

Yunusu alifikiri sana, asije akakosea tena. "Waridi langu."

"Hilo ni ua la bustanini! Mimi mtu."

"Waridi wangu."

"Abee."

Kule kwenye nyanya kikasikika kigelegele, kabla hata posa haijaletwa. Na hivyo ndivyo Waridi alivyomwitikia Yunusu, abee, katika miaka yote aliyojaliwa kuitwa naye.