Msumari Uliopakwa Rangi Nyekundu

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Gerezani, Khairunnisa alikuwa ameshafagia mbele ya duka la baba yake na kunyunyizia maji vumbi lisiruke. Duka lenyewe lilikuwa dogo, limebanwa kati ya muuza mipira ya maji na fundi betri, lakini ndani vyuma vilipangwa hadi darini: jeki, spana, springi, vioo vya pembeni. Vingi vilikuwa mitumba iliyokuja na makontena.

Mzee Hamud, baba yake, alikuwa na desturi aliyoikuta kwa wenzake. Chuma kikiingia na kutu, kinasuguliwa msasa kidogo, kinapulizwa rangi nyekundu, kisha kinaning'inizwa nje king'ae. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulinyamaza. Ni rahisi kunyamaza, maana anayelala chini ya gari si muuzaji. Ni mtu asiye na uwezo wa kupeleka gari gereji, anayetandika boksi uani kwake na kujitengenezea mwenyewe.

Khairunnisa, ambaye wote walimwita Khairu, alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa rangi kuliko wa kaka yake, Muaz. Jumamosi ile alipewa stendi mbili za jeki azipulize.

Stendi ya jeki si kitu cha ajabu. Ina miguu iliyotanuka chini na bomba lililosimama katikati. Bomba lina matundu, na pini nene ya chuma hupita tunduni ili bomba lisishuke. Jeki hunyanyua gari, stendi hulibeba. Uzito wote huja kukaa juu ya pini ile.

Stendi moja ilikuwa na pini. Ya pili haikuwa nayo.

"Hii usiiuze," Baba alisema akivaa kofia yake kwenda kuswali adhuhuri. "Fundi Allan anakereza pini yake, ataileta leo. Ikikosa pini, hiyo ni mapambo tu."

"Na hata ingekuwa nayo asingeiuza," Muaz alicheka, akimfuata baba yake. "Khairu tangu mwaka uanze hajauza hata nati! Wateja wanamwamkia, anajificha nyuma ya springi!"

Fundi betri wa jirani alicheka mpaka akaweka chini kikombe chake cha kahawa. Khairu aliinama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Hawajafika hata kona ya msikiti, akaingia mzee mmoja mrefu, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Nguo zake zilinukia samaki.

"Shikamoo," Khairu alisema.

"Marahaba, binti. Wewe si ndiye unayesoma na Hyasinta wangu? Mimi ni baba yake, Filbert. Natafuta stendi mbili. Kirikuu yangu, kile kigari cha kubebea samaki toka soko la Feri, imekufa klachi. Kesho, nikitoka misa ya kwanza, nashusha giaboksi mwenyewe." Akaziona zile nyekundu. "Haa! Hizi hapa. Zinabeba tani ngapi?"

"Tatu, Mzee." Hilo lilikuwa kweli, lilichorwa kwenye chuma. "Ila... moja bado naimalizia nyuma. Subiri dakika mbili."

Kwa nini alisema hivyo? Baadaye alijiuliza mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa lile lile dogo na la kuchekesha: alitaka Muaz akirudi akute stendi hazipo.

Nyuma ya duka alichukua msumari wa inchi sita. Akaupitisha tunduni. Ulicheza humo ndani kama kidole kwenye pete ya mtu mwingine. Akaukunja ncha kwa nyundo usichomoke, akaupulizia rangi mpaka msumari na stendi vikawa kitu kimoja. Kwa mbali usingetambua. Kwa miwani ya Mzee Filbert, hata kwa karibu.

Mzee aliipokea, akaigeuza. "Binti, nitalala chini yake hii. Ni nzima?"

"Nzima kabisa, Mzee. Zote mbili."

"Basi. Macho yangu yamechoka, nayaamini yako."

Baba aliporudi alikuta ndoano tupu. "Ile pea iko wapi? Na pini?"

"Fundi Allan aliileta, nikaifunga, nikauza," Khairu alijibu. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

"Mashallah! Muaz, umeona? Umeona dada yako?" Baba akamwita hadi fundi betri aje asikie. Hakuuliza zaidi. Muaz alitoa mdomo mbele. Khairu alitabasamu, na tabasamu lile lilimkaa usoni kama kitu cha kuazima.

Alasiri, Baba akiwa kwa jirani, Fundi Allan alipita na baiskeli. "Mpe baba yako pini yake," alisema, akamwachia mkononi kipande cha chuma kinene kama dole gumba, bado kina mafuta ya mashine. Khairu alikitumbukiza mfukoni. Kilikuwa kizito. Kila alipopiga hatua kilimgonga paja, na kila kilipomgonga alisikia, *nayaamini yako*.

Angeweza kumwambia Baba pale pale. Simu ilikuwepo, Mzee Filbert hakuwa mbali, kota zao ziko ng'ambo tu ya barabara ya mabasi ya mwendokasi. Lakini angeanzaje? Muaz angecheka mwaka mzima. Fundi betri angeongeza chumvi. Na Baba, aliyemsifu mbele za watu! Akapanga mpango wa woga: asubuhi ataaga anakwenda madrasa, atapita kwa akina Hyasinta kimyakimya, atachomoa msumari, atachomeka pini, ataondoka. Hakuna atakayejua.

Asubuhi ilifika. Alipokata kona ya kota, mpango wake wote ulimwagika.

Kirikuu ilikuwa tayari imenyanyuliwa mbele, imekaa juu ya stendi zile mbili. Jeki ilikuwa imeshaondolewa, imeegemezwa ukutani. Matairi ya nyuma yamewekewa mawe gari lisitembee. Mzee alikuwa mwangalifu kwa kila kitu kilichokuwa mikononi mwake. Na Khairu akaona jambo ambalo hata mtoto wa darasa la pili angeliona: pini haibadilishwi gari likiwa juu yake. Hakukuwa na njia ya kimyakimya.

"Khairu! Mambo?" Hyasinta alipunga mkono. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa boksi lililotandikwa chini ya gari, tochi mkononi. "Umekuja kukagua mzigo wenu?"

"Poa," Khairu alisema. Sauti haikutoka vizuri.

"Karibu, binti," Mzee Filbert alisema, akijilaza chali. "Mama Hyasinta, mtilie chai mgeni! Hyasinta, ingia na tochi, mulika hapa kwenye bolti."

Mzee alijivuta chini ya gari mpaka kifuani. Hyasinta akalala ubavu kando yake, kichwa chake kikapotea gizani chini ya chuma. Mama yake, Victoria, alikuwa mlangoni na birika. Khairu aliitazama stendi ya kushoto. Rangi kwenye msumari ilikuwa imepasuka kidogo, na msumari ulikuwa umeanza kupinda. Alifungua mdomo. Akaufumba. Aliziona nyuso zote ambazo zingemtazama: Baba, Muaz, mwalimu, mtaa.

Kisha mguu wa Hyasinta ukajikuna kwa mguu mwingine, kandambili ikadondoka.

"Tokeni!" Khairu alipiga kelele hadi sauti ikakatika. "Hyasinta toka! Mzee toka! Hiyo si pini, ni msumari! Niliuweka mimi!"

Hyasinta alivutwa miguu na mama yake, birika likaruka. Mzee Filbert alitoka taratibu, bila kutikisa kitu, akasimama, akajipangusa. Alienda ubavuni mwa gari, akaweka viganja viwili kwenye bodi, akasukuma mara moja.

Msumari uliitika kwa mlio mfupi. Gari likashuka upande wa kushoto kwa kishindo kilichowatoa watu majumbani mwao. Boksi lililokuwa limetandikwa lilibanwa chini ya chuma, na tochi, iliyobaki pale, ilikuwa imevunjika vipande.

Watu walijaa. Jirani mmoja, Leticia, alianza kwa sauti ya juu: "Ndiyo biashara yenu hiyo! Mnatupakia kifo rangi, mnatuuzia! Sisi ni wa kulaliwa na magari, siyo? Mbona hamlali nyinyi chini yake?"

Maneno ya Leticia hayakumuumiza Khairu kama macho ya Victoria, ambaye alikuwa amemkumbatia Hyasinta, anamtazama tu, chai ikimtiririka miguuni bila yeye kuhisi.

"Nipeleke kwa baba yako," Mzee Filbert alisema.

Walitembea pamoja, mzee ameshika msumari uliopinda mbele yake kama mtu aliyeshika mshumaa. Kila aliyewaona aligeuka. Safari ya dakika kumi ilimchukua Khairu mwaka.

Dukani alisema yote, uongo wa kwanza na wa pili. Akatoa pini mfukoni, akaiweka mezani. Muaz hakucheka. Baba alinyanyua mkono.

"Shusha mkono, Hamud," Mzee Filbert alisema. "Msumari aliweka yeye. Rangi alifundishwa na nani?"

Mkono wa Baba ulibaki hewani. Kisha ukashuka wenyewe, na yeye akaketi juu ya ndoo. Alitazama nje, ambako vyuma vyekundu vilining'inia vikimeremeta juani. "Mimi," alisema polepole. "Na jana nilimsifu. Sikuitazama hata kazi ya mkono wake. Niwie radhi, ndugu yangu."

Mzee Filbert alimgeukia Khairu, akachuchumaa mpaka macho yakalingana.

"Ujanani nilifanya kazi karakana. Mtunza stoo alijua stendi moja ina ufa. Ilimponyoka mwenyewe ikaanguka, akaona haya kusema, akaipaka grisi. Aliyelala chini yake aliitwa Nassibu, miaka ishirini na minne. Mabosi wote waliopita pale nimesahau majina yao. La Nassibu sijalisahau. Yule mtunza stoo naye aliona aibu, lakini yake haikuwa na dawa tena. Yako ina dawa, kwa sababu ulipiga kelele. Ulichelewa, lakini ulipiga."

"Nisamehe, Mzee," Khairu alisema, machozi yakimdondokea mikononi.

"Nimekusamehe. Lakini usiharakishe kusahau. Na mimi nina kosa langu: sikulitikisa gari kabla ya kuingia. Nilitegemea jibu la mtu badala ya mikono yangu."

Siku ile duka halikuuza. Baba na Muaz walishusha kila jeki na kila stendi, wakazipanga barabarani. Walikwangua rangi mbele ya macho ya mtaa. Zilizokuwa na ufa, Baba alizikata kwa msumeno wa umeme, cheche zikiruka, ili asije mtu kuziokota na kuzisimamisha tena. Wauza vyuma wengine walimkunjia uso. Fundi betri alimwambia, "Unatuharibia, Hamud." Baba alijibu, "Tumeshaharibu zamani, tulikuwa hatujaona tu." Khairu ndiye aliyeandika kwa chaki juu ya kila kilichobaki: uzito kinaobeba, na kasoro yake kama ipo.

Hyasinta hakukaa naye dawati moja wiki nzima. Khairu hakulalamika.

Jumamosi iliyofuata Mzee Filbert alirudi, Hyasinta nyuma yake. "Nataka stendi mbili," alisema. "Anichagulie huyu huyu."

"Leo umeweka msumari wa inchi ngapi?" Hyasinta aliuliza.

Khairu aliumeza ule mwiba, ulikuwa wake. Akachagua stendi mbili zisizo na rangi, chuma kitupu. Aliwasomea tani zilizochorwa. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo cha kuchomelea kutafuta ufa. Alichomoa pini, akampa Hyasinta aishike, aone ilivyojaa tunduni bila kucheza. Alizisimamisha sakafuni kuona kama miguu yote inagusa.

"Sasa," Mzee Filbert aliuliza, "ni nzima?"

Baba alikuwa anatazama. Muaz alikuwa anatazama.

"Nilivyoona mimi, ni nzima," Khairu alisema. "Lakini usinitegemee mimi, Mzee. Ziweke mahali pagumu palipo sawa, weka na tairi la akiba chini ya bodi. Halafu litikise gari kabla hujaingia."

Mzee Filbert alicheka kwa mara ya kwanza. "Umesikia, Hamud? Huyo sasa ni muuzaji." Kisha uso wake ukatulia. "Shikeni hili, watoto. Jeki ni ya kunyanyulia, haikutengenezwa mtu alale chini yake. Stendi ndiyo inayobeba. Na anayeuza stendi anabeba pia, hata akiwa nyumbani kwake amekaa anakunywa chai. Ukikosea kitu cha namna hii, sema siku ile ile. Aibu itakuchoma, lakini hakuna mtu atakayezikwa kwa sababu yake."

Hyasinta aliirudisha pini tunduni. Akashika stendi moja, akamsukumia Khairu ya pili kwa mguu.

"Beba," alisema. "Utakuja kulitikisa gari mwenyewe."