Madini Kwenye Uji wa Mama

Kila asubuhi Agatha aliamka kabla baba yake hajawasha pikipiki kwenda kazini. Alifagia uani, akachota maji bombani, akawasha moto na kukoroga uji wa mtama. Ndipo alipoingia chumbani kwa mama yake na kumwamkia. "Marahaba" ikitoka upesi, siku hiyo ilikuwa njema. Ikitoka kwa kuvutwa, kama mtu anayeburuta gunia, Agatha alijua siku za mwezi za mama zimefika na leo hatainuka.

Waliishi nje kidogo ya mji wa Geita, naye Agatha alikuwa darasa la sita. Mama yake, Lukresia, kwa miaka mingi aliumwa tumbo hadi kujikunja kama jongoo. Majirani walisema kila mwanamke huumwa, ila huyu anapenda kudeka. Mpaka mwaka huu Daktari Euphrasia wa kituo cha afya alipompima kwa makini na kuutaja ugonjwa wenyewe: endometriosisi. Alieleza kwamba nyama laini inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi huota mahali pengine tumboni, na mwezi ukifika nayo huvimba na kuvuja damu. Akampa dawa, na kwa kuwa damu ilikuwa imepungua sana, akaongeza vidonge vya kuongeza damu.

Wakiwa wanatoka, muuguzi aitwaye Wema alimshika Agatha bega. "Wewe ndiye mpishi, eti? Basi mama anahitaji chakula chenye vitamini na madini."

Vitamini aliijua, walifundishwa shuleni. Lakini madini! Mtoto wa Geita ukimtajia madini anaona kitu kimoja tu: jiwe linalotoka duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji, likasagwa kwenye mashine ya karasha na kutoa dhahabu. Baba yake mwenyewe, Donatus, alisaga mawe hayo kila siku. Agatha aliona aibu kuuliza. Kesho yake alimweleza rafiki yake Dorah, naye Dorah akacheka hadi akajishika mbavu.

"Watu wanatoka Kigoma na Mbeya kufuata madini hapa. Wewe umezaliwa juu yake, halafu unauliza yanapatikana wapi!"

Jumamosi Agatha alikwenda gulioni. Kulikuwa na mwanamke aitwaye Mama Nasibu aliyeuza pemba, ule udongo mkavu ambao wajawazito wengi hupenda kuutafuna. Kando ya pemba aliweka kopo lenye unga wa kijivu, akiwaambia wapita njia kwamba ni kirutubisho cha wanawake wanaoumwa tumbo. Agatha aliuliza kama una madini.

"Ng'wanone," Mama Nasibu alimwambia, kama Wasukuma wanavyomwita mtoto wao, "huu umetoka duarani. Kama huu hauna madini, upi utakuwa nayo?"

Akamjazia kikopo, na Agatha akalipa kwa kumchotea maji ndoo nne. Kabla hajaondoka aliambiwa asimweleze mgonjwa, eti dawa ikijulikana inapoa. Hapo ndipo mtoto alipopaswa kukimbia asigeuke nyuma. Mtu anayekuuzia dawa pamoja na siri anajua kwa nini anaitaka hiyo siri. Lakini Agatha alimpenda mama yake, akakifunga kikopo kwenye kanga na kwenda nacho nyumbani.

Kila asubuhi alitia kijiko kimoja kwenye uji. Siku ya pili tu mama alilalamika kwamba uji una mchanga.

"Ni mtama, mama. Haukupetwa vizuri," alijibu Agatha, na uongo ule ukapita kirahisi kuliko alivyotazamia.

Wiki ya tatu mama alikaa siku sita bila kupata choo. Tumbo likakaza kama ngoma, akaanza kutapika. Alasiri moja Agatha alirudi kutoka shule akamkuta ameanguka kando ya jiko, midomo imepauka. Alipiga kelele hadi majirani wakaja, baba akaitwa, mgonjwa akapakiwa kwenye bajaji.

Daktari Euphrasia alilibonyeza tumbo, akapima damu, akarudia kupima. Damu ilikuwa imeshuka zaidi, wakati vidonge vilikuwa vinamezwa kila siku. Aliuliza kama mgonjwa ametumia kitu kingine chochote. Lukresia alijibu kwa sauti ya chini kwamba amekula ugali na uji wa nyumbani, basi.

Daktari alimgeukia Donatus akamweleza bila kuficha. Kama ni hivyo, alihofia ugonjwa umefika kwenye utumbo na kuuziba. Ilibidi mgonjwa apelekwe Mwanza leo hii, na huko huenda akapasuliwa. Kumpasua mtu mwenye damu kidogo namna ile ilikuwa hatari kubwa.

Agatha aliutazama mkono wa daktari ukianza kuandika karatasi ya rufaa. Aliogopa kuchapwa, aliogopa baba, aliogopa macho ya mama. Lakini karatasi ile ikijaa, mama atapasuliwa.

"Daktari, nimemlisha mama madini," alisema.

Kalamu ikasimama. "Madini gani?"

"Ya duarani. Kwenye uji. Kila siku."

Kisha Donatus akamvuta binti yake hadi kwenye pikipiki, wakaenda nyumbani na kurudi na kikopo. Alikifungua mbele ya daktari, akausugua ule unga kati ya vidole viwili, na uso wake ukabadilika.

"Haya ni marudio," alisema. "Ni mchanga unaobaki tukishaikamata dhahabu kwa zebaki. Mimi nikitoka kazini nguo navulia nje, naoga ndipo nimshike mtoto. Miaka tisa nalikimbia vumbi hili. Kumbe lilikuwa jikoni kwangu."

Mama alimtazama Agatha kwa muda mrefu, machozi yakimtoka.

Daktari aliiweka kando karatasi ya rufaa. Mgonjwa akatundikiwa dripu na kupewa dawa za kulegeza tumbo, na siku ya pili akapata choo. Hakupasuliwa. Daktari alieleza kwamba udongo wa namna hiyo huziba utumbo, tena hukinasa chuma cha kwenye vidonge tumboni, mwili usikipate. Sampuli za damu na mkojo zilipelekwa kupimwa sumu ya zebaki. Majibu yalionyesha imeingia kidogo, ikabidi mama arudi kupimwa mara kwa mara.

Muuguzi Wema alisikia habari akaja wodini. "Nilisema madini nikaenda zangu," alimwambia Agatha. "Nilimaanisha chuma kilichomo kwenye maharage, maini, mchicha na dagaa. Ningesema tu dagaa!"

Agatha aliuliza kama virutubisho vyote ni sumu. Daktari alisema hapana. Vipo vinavyochunguzwa, na wapo wanawake wanaoona nafuu, ila mpaka sasa hakuna kinachouponya ugonjwa huu, na vingine hugombana na dawa. Mtu akiuziwa chupa yoyote, ailete kwanza ionekane. Afisa afya alikwenda gulioni na Donatus, akalichukua kopo la Mama Nasibu, ambaye aliapa kwamba aliuziwa na mchimbaji naye hakujua ni nini.

Baada ya miezi miwili damu ya Lukresia ilikuwa imepanda. Maumivu bado yalikuja, ila sasa alilala siku moja, si nne. Jioni moja, wakichambua dagaa, Agatha alimwomba msamaha kwa mara nyingine.

"Mwanangu, nilishakusamehe," mama alisema. "Ulitaka kuniponya kwa kijiko, ukaniumiza. Ukafungua mdomo, ukaniokoa. Sasa shika neno moja: kitu unachoogopa kukitaja mbele ya daktari, usikitie kwenye chakula cha mtu."