Siku Pepo wa Ndui Alipopita

Mwaka wa tano wa enzi ya Shoryaku, ndui iliufagia mji wa Kyoto mpaka kunguru wakanenepa. Jua lilikuwa linazama, na Itome alikuwa anakwenda kuteka maji.

Si maji ya kupikia. Mtaa wa Mafuta kulikuwa na kisima kilichokauka zamani, tope tupu, na ghafla mji mzima ukaanza kuapa kwamba anayekunywa hapo haguswi na ndui. Mabwana na watumwa walikuwa wanapigana vikumbo. Nyumbani, Ushimaru, mwanawe wa pekee, alikuwa anawaka homa, uso wote malengelenge.

Itome alizunguka njia ya mbali. Ile ya karibu ilipita kando ya mtaro wenye mierebi, na hapo, juu ya mkeka, ndipo alipolazwa yaya Hisame. Asubuhi ile Itome na mumewe Munetoki walimbeba wakamtoa nje, ndui imemshika lakini bado anapumua. Ndivyo walivyofanya watu wote. Mtumishi akifia ndani, nyumba inanajisika mwezi mzima: Munetoki asingekanyaga lango la ikulu analolilinda, na kuhani asingeingia kumwombea mtoto. Hisame alimlea Itome tangu ananyonya, kisha akamlea Ushimaru. Hakulalamika. Alisema tu, katikati ya joto la kiangazi, "Itome mwanangu, nje kuna baridi."

Kisimani, jirani yake Kurome alimvuta mkono.

"Shoga, umesikia? Kesho pepo wa ndui anapita mitaani. Tundika kibao cha mwiko mlangoni, cha kukataza mtu kuingia, jifungie, na usimwitikie mtu. Hata akiita mama yako."

"Mama yangu alishakufa."

"Basi huyo ndiye usimwitikie kabisa!"

Watu wakasukumana. Mtungi wa Itome ukamponyoka, ukapasuka vipande vipande. Akarudi mikono mitupu, analia kwa hasira, na kwa haraka yake akasahau akashika njia ya karibu.

Mierebi. Mtaro. Mkeka ulikuwepo...

Mtu hakuwepo.

Kesho yake mji ulinyamaza kimya. Hata mbwa hawakubweka. Munetoki alikuwa zamu langoni. Itome alikaa peke yake, kichwa cha mtoto mapajani, kibao cha mwiko kikining'inia nje.

Mchana, akasikia.

Kwaruu... kwaruu...

Kitu kilikuwa kinaburutwa barabarani. Mkeka. Harufu ya matope ya mtaroni ikaingia kwenye nyufa za ukuta, na chini yake harufu nyingine, tamu, ya kuoza. Sauti ikakoma mlangoni.

"Itome mwanangu," ikanong'ona. "Nimemletea maji."

Itome aliuma mkono wa kanzu yake.

"Mtoto ana kiu. Niitikieni tu."

Ushimaru hakuwa amesema neno kwa siku kadhaa. Midomo yake ikacheza. Itome akafanya haraka kumziba mdomo, lakini alichelewa.

"Ndiyo, yaya," alisema mtoto.

Mlango haukufunguka. Hakuingia mtu.

Jioni ndipo Itome alipothubutu kuchungulia. Kizingitini palikuwa na mtungi wake mwenyewe. Ule uliopasuka. Mzima, umejaa pomoni maji safi, ya baridi. Alijua anapaswa kuyamwaga. Alijua vizuri sana.

"Maji, mama," aliita Ushimaru.

Akampa. Hata kama pepo mwenyewe angeyamimina mbele ya macho yake, angempa.

Alfajiri homa ilikuwa imekwisha. Munetoki aliporudi alimkumbatia mwanawe, akalia kama mtoto mdogo. Baadaye akamnong'oneza mkewe kwamba wabeba maiti walimwokota Hisame juzi mchana, ameshakata roho, wakauacha mkeka. Juzi mchana. Kabla Itome hajaenda kisimani.

Mwisho wa mwezi mji ulitengeneza vihekalu vya kubebwa, ukawaita pepo wa ndui wakae humo, na kwa ngoma na nyimbo ukavipeleka kutupwa baharini. Itome alikwenda kutazama, Ushimaru mgongoni. Mtoto alikuwa na nguvu, mashavu yamejaa. Ila mikono yake haikupata joto tangu siku ile.

Vihekalu vikapita. Watu wakashangilia, wakatupa maua. Mtoto akamsogelea sikioni.

"Itome mwanangu," alinong'ona, "wanajisumbua bure. Humo hamna mtu."

Itome hakugeuka. Alikaza kitambaa cha kumbebea, akaanza kurudi nyumbani, na akafuata njia ya mbali.